Kiharusi Nacho ni Jambo la Chama



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, za likizo, na za watu waliofukuzwa kazi bila ya haki. Safari hii tunaandika habari za ugonjwa, na tunajua wako watakaosema kwamba tumepotea njia. Kwamba ugonjwa ni kazi ya madaktari na chama ni kazi ya mapatano. Tunawaomba watu hao wasome kwanza, halafu watuhukumu.

Mwenzetu mmoja, askari wa ulinzi mjini Jinja, alianguka langoni alfajiri kabla ya kubadilishwa zamu. Alikuwa kazini tangu saa kumi na mbili ya jioni. Waliomkuta wanasema mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia haukuwa na nguvu, na maneno aliyojaribu kuyatamka hayakueleweka. Wa kwanza akasema amelewa. Wa pili akasema amelogwa, maana wiki ile alikuwa amegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akapelekwa nyumbani, kisha kwa mganga, na siku ya tatu ndipo akafikishwa hospitali. Leo anatembea kwa fimbo, na ule mkono umebaki kama mzigo aliofungiwa begani. Ana miaka arobaini na minane na watoto wanne shuleni.

Kampuni yake, ambayo hatuitaji kwa kuwa shauri bado linazungumzwa, ilimlipa mwezi wa kwanza, na baada ya mwezi wa pili ikamwandikia barua ya kumwachisha. Ubaya wa mambo ni kwamba sheria inairuhusu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea mpaka mwisho wa mwezi wa pili mwajiri anaweza kuvunja mkataba, mradi atimize masharti yake. Sasa nani amekwisha kuona mtu aliyepooza nusu ya mwili akarudi langoni na rungu lake baada ya siku sitini?

Kwa hiyo hapana budi tuuzungumze ugonjwa huu kabla haujafika, kwa sababu ukishafika, karibu kila kitu tulichonacho cha kumsaidia mwenzetu ni kidogo.

Kiharusi si upepo wala si jini. Ubongo unalishwa na mishipa ya damu kama shamba linavyolishwa na mifereji. Mshipa mmoja ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka damu ikamwagika ndani ya kichwa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa, na kiungo kilichokuwa kikiamriwa na sehemu hiyo hukosa amri. Ndiyo maana mmoja hupoteza mkono, mwingine ulimi, mwingine kuona kwa upande mmoja. Hakuna hirizi inayozibua mshipa. Tunasema hivi bila ya kumdharau mtu yeyote. Wengi wetu wazee wetu walipelekwa kwa mganga kwa ugonjwa huu huu, na waliowapeleka waliwapenda.

Linaloudhi zaidi ni kwamba viharusi vilivyo vingi vinaweza kuzuiwa. Madaktari wa nchi 32, Uganda ikiwa mojawapo, waliwachunguza maelfu ya wagonjwa na kuwalinganisha na watu wazima wasiougua, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba mambo kumi tu ndiyo yenye mkono katika viharusi tisa kati ya kila kumi. Hatutayataja yote. Yamo sigara, ulevi, sukari ya damu, chakula kibaya, kitambi, kukaa bila ya kufanya mazoezi, na ugonjwa wa moyo unaofanya mapigo yaende ovyo. Lakini la kwanza, ambalo peke yake lina mkono katika karibu nusu ya viharusi vyote, ni shinikizo la damu, ndiyo presha.

Presha ni adui mwenye adabu: haipigi hodi. Mtu aweza kuwa nayo miaka kumi, anabeba magunia, anacheza mpira Jumapili, na hajui. Kipimo kikionyesha 140 juu au 90 chini, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha hata kama mtu hajisikii lolote. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne anayo, na walio wengi kabisa katika hao hawakuwa wakijua. Hesabuni wenyewe katika kiwanda cha watu mia nne.

Hapa pana jambo ambalo sisi wafanyakazi inatupasa kulijua vizuri, maana linatuhusu kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Kavirondo, upande wa Kenya wa ziwa letu hili, aliandika kwamba amewapima watu elfu moja wa huko na kuona presha yao haipandi kwa umri kama ya Wazungu. Wako walioshika maneno hayo wakasema Mwafrika hana presha. Lakini baadaye, katika miaka ya 1980, watafiti walikwenda katika nchi ile ile ya Wajaluo, wakawafuata vijana waliotoka vijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya muda mfupi tu mjini, presha za waliohama zilikuwa zimekwisha kupanda juu ya zile za ndugu zao. Katika mikojo yao chumvi ilikuwa imeongezeka, uzito umeongezeka, na mapigo ya moyo yamekuwa ya haraka zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990.

Damu ilikuwa ni ile ile, ya ukoo ule ule. Kilichobadilika ni chakula na maisha, na kwa lugha yetu sisi, kilichobadilika ni ajira.

Basi na tuzungumze juu ya chakula. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo ndani imo ile ya kwenye mkate, ya kwenye mchuzi wa kiwandani, na ya kwenye karanga. Nani kati yetu anayekula hivyo? Mchana tunapewa posho na maharage, na maharage yametiwa chumvi jikoni, halafu kopo la chumvi linazunguka mezani na kila mtu anatia tena kabla hata hajaonja. Jioni kijana ananunua kikomando, chapati imekatwakatwa ndani ya maharage, yenye mafuta na chumvi, kwa kuwa ni rahisi na inashibisha. Hatuwalaumu. Mboga na matunda yapo, na kwa bahati yetu matoke na ndizi mbivu, maharage yenyewe, na mboga za majani ni vyakula vyenye madini yanayosaidia kuishusha presha. Lakini aliyetoka zamu saa nne ya usiku hapiki matoke. Anakula alichokikuta njiani. (Na wenzetu wanaochimba chumvi kule Katwe wasituone maadui, hatujasema chumvi isiliwe.)

Tunapendekeza jambo dogo lisilo na gharama: kopo la chumvi liondolewe mezani katika kila kantini yenye mwanachama wetu, likae jikoni, na anayelitaka aliombe. Jambo la pili lina gharama kidogo, nalo ni tunda moja pamoja na chakula cha mchana. Ndizi haijapata kumfilisi mwenye kiwanda.

Sasa tunafika penye kiini. Mwezi Mei 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa kwa pamoja hesabu ya vifo vinavyotokana na saa nyingi za kazi. Mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na anayefanya saa 35 mpaka 40, hatari yake ya kupata kiharusi inazidi kwa asilimia 35. Kwa mwaka 2016 peke yake walihesabu watu 398,000 duniani waliokufa kwa kiharusi kwa sababu hiyo, na wengine 347,000 kwa ugonjwa wa moyo. Sababu zake hazihitaji elimu kubwa. Mwili unaosukumwa bila ya kupumzika hupandisha presha. Asiyelala vizuri hutafuta sigara, au mairungi ya kumkesha, au waragi ya kumlaza. Na saa za kutembea, kupika na kwenda zahanati zimekwisha kuliwa na kazi.

Kuna jambo moja katika hesabu ile ambalo tungependa kila katibu wa tawi alikariri. Vifo vingi vilikuwa vya watu wa miaka 60 mpaka 79, waliokuwa wamefanya zile saa nyingi tangu umri wa miaka 45 na kuendelea. Maana yake ni kwamba kazi inamjeruhi mtu leo, na jeraha linafunguka baada ya yeye kuondoka kazini. Aliyekatwa kidole na mashine, damu inaonekana sakafuni na mnyapara anaandika ripoti. Aliyepandishwa presha na zamu za miaka ishirini anaanguka nyumbani kwake kijijini, na hakuna anayeandika chochote. Gharama analipa mke wake.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ile ile ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, na inaruhusu kuongeza, lakini zisizidi 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Tazameni vizuri tarakimu hizo. Wataalamu wanasema hatari inaanzia 55, na sheria inafunga mlango kwenye 56. Wakati sheria ilipoandikwa hesabu ya mwaka 2021 haikuwapo, kwa hiyo hatumlaumu aliyeiandika. Lakini sasa ipo. Na hata hiyo 56, nani anaifuata? Askari wa ulinzi anafanya saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Wako wanaonyimwa hata ile siku ya saba. Dereva wa lori anayetoka Mombasa hahesabiwi saa kabisa; anahesabiwa safari, na kule Malaba anakaa kwenye foleni ndani ya kabini, halali, hatembei, halafu anaambiwa akimbize kufidia muda uliopotea. Ikumbukwe kwamba saa 48 kwa wiki katika viwanda ni jambo lililokubaliwa na mataifa tangu mwaka 1919, katika Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani.

Wanachama wetu wenyewe watatupinga hapa, na wamekwisha kutupinga mikutanoni. Wanasema: ninyi mnataka kutupunguzia saa za ziada, na saa za ziada ndizo ada za shule. Ni kweli, na hatuna jibu la kuwafurahisha. Mtu hafanyi saa 72 kwa kupenda. Kima cha chini cha mshahara cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa vima vya chini, Rais hakuutia sahihi. Mahali ambapo mshahara wa saa 48 hauwezi kumlisha mtu, kumhubiria juu ya mapumziko ni dhihaka. Kwa sababu hiyo sisi tunasema dai la saa na dai la mshahara ni dai moja, lipelekwe kwa barua moja. Chama kinachodai malipo ya saa za ziada peke yake, mwaka baada ya mwaka, kinauza mishipa ya wanachama wake kwa bei nzuri kidogo tu. Tumefanya hivyo mara nyingi, na tunakiri.

Na si hilo tu la kukiri. Ofisi zetu za chama zina viti vya kukaa mchana kutwa, soda kila mkutano, na nyama choma yenye kopo la chumvi pembeni kila baada ya kutia sahihi mapatano. Viongozi wengi wa chama wana vitambi, na mwandishi wa maneno haya hakusalimika. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imekataza kuvuta sigara mahali pa kazi. Ofisi ya chama nayo ni mahali pa kazi.

Turudi kwenye presha. Ikigunduliwa, ina dawa, na dawa zake nyingi ni za zamani, si ghali kama watu wanavyodhani. Kuishusha kwa vipimo kumi tu vya ile tarakimu ya juu kunapunguza viharusi kwa zaidi ya robo. Shida iko kwenye kuendelea. Dawa hii hailiwi kama ya malaria, siku tatu imekwisha. Inaliwa kila siku, miaka yote, hata mtu akijisikia mzima. Wengi wanaacha. Tulipowauliza wanachama kadhaa kwa nini waliacha, tulitegemea kusikia habari za uzembe. Mama mmoja wa kiwanda cha nguo alitueleza kwamba vidonge vyake vinamkojoza, na katika mstari wao ruhusa ya kwenda chooni ni mara mbili kwa zamu, kwa kuandikishwa. Akachagua kuacha vidonge. Mwingine alisema siku ya kliniki ya presha katika kituo chake cha afya ni moja tu kwa wiki, na siku hiyo akikosekana kazini anakatwa mshahara wa siku nzima. Basi huduma iliyo bure tangu serikali ilipoondoa malipo katika vituo vyake mwaka 2001, kwake si bure.

Hapo ndipo tunapowajibu wale wanaosema ugonjwa si kazi ya chama. Daktari anaweza kumwandikia mama huyo dawa. Hawezi kumwandikia ruhusa ya choo. Kazi hiyo ni yetu.

Kwa hiyo tunayaomba matawi yote, mapatano ya kazi yanapofikia wakati wa kuandikwa upya, yaingize mambo haya kwa maneno yasiyopindika: kwamba kila mfanyakazi apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka ndani ya saa za kazi, kwamba siku ya kliniki isikatwe mshahara, kwamba choo kisiwe jambo la kuomba, kwamba jumla ya saa, pamoja na za ziada, zibaki chini ya 55 kwa wiki, bila ya kupunguza pato. Kwa wa zamu za usiku tuna mahali pa kushika: Mkataba wa Kazi za Usiku wa mwaka 1990 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mfanyakazi wa usiku akiomba kupimwa afya apimwe bila ya malipo. Mwajiri anayejibu kwamba hayo ni mageni aonyeshwe mwaka.

Matokeo ya kipimo ni siri ya mfanyakazi. Hili lisisahauliwe hata kidogo, maana tumesikia mahali ambapo walipimwa watu kwa furaha, na baada ya mwezi waliopunguzwa kazi ni wale wale wenye presha. Karatasi ikae kwa muuguzi na kwa mwenyewe, isipite ofisi ya utumishi. Na upimaji wenyewe ufanywe inavyotakiwa: mtu akae kitini dakika tano kimya, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, asiwe amevuta sigara wala kunywa chai muda mfupi uliopita. Kumpima askari aliyeshuka zamu akiwa amesimama, huku mnyapara anamhimiza, ni kuharibu kazi.

Na kama kiharusi kimekwisha kumpata mwenzio mbele ya macho yako? Mwambie atabasamu, utazame kama mdomo unakwenda upande. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. Mwambie aseme jina lake na la mke wake. Kasoro moja tu katika hayo inatosha: apelekwe hospitali kubwa wakati ule ule, kwa gari la kampuni, kwa pikipiki akishikiliwa nyuma, kwa chochote. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kupigwa picha ya kichwa. Si kila hospitali yetu inaweza, na hiyo ni sababu ya kuharakisha, si ya kukata tamaa, maana hata pasipo na dawa hiyo uangalizi wa mapema unaokoa. Kumbukeni saa dalili zilipoanza, daktari atauliza. Msimpe chakula wala maji, kwa sababu koo linaweza kuwa limepooza akapaliwa. Msimpe aspirini kwa kubahatisha. Kama mshipa umepasuka mtamwongezea damu ya kumwagika. Na msikae kujadiliana nani kamroga.

Tawi moja limekwisha kununua mashine ya kupimia presha kwa fedha za ada, na wanachama wanajipima wenyewe siku ya mkutano. Kwa muda mrefu ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo ukisafiri na katibu. Sasa inakaa mezani.

Yule mwenzetu wa Jinja anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Michango yake ipelekwe kwa mweka hazina wa tawi lake, na kila mchangaji adai stakabadhi.